Imekubali

Katika gereji za Tunduma kuna neno moja linalofunga kazi. Fundi akishalala chini ya gari saa tatu, akatoka na mikono myeusi, akapiga stata na injini ikawaka, hasemi "nimeitengeneza". Anasema "imekubali". Ikishindikana anasema "imegoma". Nimekulia ndani ya lugha hiyo, na kwa miaka mingi sikuona ajabu yake: kwamba mashine ndiyo inayokubali au kugoma, na fundi ni kama mshenga tu aliyepeleka posa na kurudi na majibu.

Mwaka jana baba yangu mdogo aliniita Isongole nikamsaidie kurekebisha injini. Ukitoka Mpemba, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, unakata lami kilomita 50 hivi hadi Isongole, wilayani Ileje, na mbele kidogo tu ni Malawi. Baba mdogo ana kibanda cha kuchomelea pale. Anachomelea mageti, matoroli na vitanda vya chuma. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai la bluu, ana fremu ya ndege ya viti viwili.

Injini aliyoipata ni ya Mazda RX-8. Mwenye gari alichoka nalo: asubuhi linawaka vizuri, likishapata moto ukilizima haliwaki tena mpaka lipoe. Ukijua injini za aina hii, dalili hiyo inatosha kukwambia kwamba sili za ndani zimechoka na mgandamizo umepungua. Baba mdogo aliinunua injini kwa bei ya chuma chakavu, akaagiza sili mpya, akaifungua na kuifunga mwenyewe. Kisha akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Njoo uitie akili."

Injini tulizozoea zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii haina pistoni wala valvu. Ndani yake mna rota mbili za pembe tatu, na kila rota inazunguka ndani ya chemba yenye umbo la yai lililobanwa kidogo kiunoni. Pembe tatu za rota hazitoki kwenye ukuta wa chemba hata mara moja. Kati ya pembe na pembe hewa inavutwa, inagandamizwa, inachomwa na kutolewa. Rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Mawazo yake ni ya Mjerumani Felix Wankel, lakini Mazda ndio walioibeba miaka mingi kuliko wote.

Wanaojiundia ndege wenyewe katika nchi mbalimbali wameipenda kwa sababu ambazo baba mdogo alinihesabia kwa vidole. Ina vitu vichache vinavyocheza, kwa hiyo vichache vya kukatika. Kila rota ina plagi mbili, moja ikifa nyingine inaendelea. Na ikiumia, mara nyingi hupungua nguvu polepole badala ya kukata ghafla. Konrodi ya injini ya pistoni ikikatika angani, mazungumzo yameisha. Rota iliyopoteza sili huweza kukuvuta mpaka uone shamba la kutua.

Udhaifu wake uko palepale kwenye ncha, ambapo kipande chembamba cha sili kinasugua ukuta mchana kutwa. Wahandisi wa Mazda katika miaka ya 1960 walikuta ndani ya chemba michirizi waliyoiita kucha za shetani, na ilibidi waishinde kabla ya kuuza gari lao la kwanza la rota, Cosmo, mwaka 1967. Kampuni ya NSU ya Ujerumani ilitoa gari lake, Ro 80, mwaka huohuo. Sili zilizokufa mapema ziliwarudisha wateja dukani wakidai injini nyingine, na gharama ile ni moja ya mambo yaliyoimaliza kampuni. Injini zilipojaribiwa kiwandani bila shaka zilikuwa zimekubali.

Kabla sijaendelea niseme kwa nini neno hili linanikereketa.

Miaka sita iliyopita, nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika gereji ambayo sitaitaja, nilibadilisha pedi na kutoa hewa kwenye breki za Noah ya abiria. Nikakanyaga pedali, ikawa ngumu. Nikazungusha gari uani, likasimama pale nilipotaka. Nikamwambia dereva, "Imekubali, kaka." Sikumdanganya. Ila ua ule ulikuwa tambarare na gari lilikuwa tupu. Kesho yake, likiwa limejaa watu na mizigo, likiteremka mlima mrefu, breki zikapata moto na pedali ikazama. Hewa ilikuwa imebaki kwenye bomba moja. Dereva aliligongesha gari kwenye kingo ya udongo ili lisimame. Kondakta wake, kijana wa umri wangu, alivunjika mguu.

Watu wote walinionea huruma. "Ajali haina kinga," walisema. Nilishukuru kusikia hivyo, na hadi leo ninaona aibu kwamba nilishukuru. Ajali ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa kupakia magunia, kupanda ule mlima na kushuka, kazi ya nusu saa. Nilichojua ni kwamba gari linasimama uani. Nilichokisema ni kwamba gari lina breki. Katikati ya sentensi hizo mbili ndipo mguu wa mtu ulipovunjikia.

Tuliifunga injini juu ya toroli la chuma, toroli tukalifunga kwa minyororo kwenye mkaratusi mkubwa. Mbele tukaweka giaboksi ya kupunguza mizunguko, kwa kuwa injini hii hutoa nguvu zake ikizunguka mara 6,000 na zaidi kwa dakika, na pangaboi la ndege likizungushwa kwa kasi hiyo ncha zake zingepita kasi ya sauti na kupiga kelele badala ya kuvuta. Giaboksi yetu inagawa kwa 2.85. Injini ikiwa 6,000, pangaboi ni 2,100 hivi.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kompyuta. Kurekebisha injini ni kujaza jedwali: kwa kila kasi, na kwa kila kiasi cha hewa inayoingia, ipewe petroli kiasi gani na cheche zipigwe lini. Petroli ikizidi, nguvu zinapungua na plagi zinaota masizi. Ikipungua, joto linapanda na mchanganyiko unaweza kulipuka nje ya zamu yake. Kwenye injini ya pistoni fundi husikia mgongano na kuondoa mguu. Kwenye rota mlipuko mmoja mbaya unaweza kuvunja sili kabla sikio halijasikia chochote. Ndiyo maana unaanza na petroli nyingi na cheche zilizocheleweshwa, unapunguza kidogo, unasoma geji, unapunguza tena.

Tena hii si injini ya gari sasa. Gari kwenye lami iliyonyooka linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndege inapanda kwa nguvu zote, kisha inasafiri kwa asilimia 65 hadi 75 ya nguvu saa nzima bila kupumzishwa. Mtu akikwambia injini yake imetembea kilomita laki moja barabarani bila shida, amekwambia habari njema kuhusu barabara.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, jua kali, ikaimba. Nikapandisha mpaka 6,000, toroli likavuta minyororo ikakaza, majani ya mkaratusi yakaanza kuruka kuelekea barabarani. Tulizima plagi za seti moja, mizunguko ikashuka kidogo na kutulia. Tukazirudisha na kuzima seti ya pili, vilevile. Mchanganyiko ulikuwa pale nilipoutaka. Watoto walikuwa wamejaa kwenye uzio na madereva wa malori wamesimama. Baba mdogo alinyosha mikono yote miwili juu na kupiga kelele: "Imekubali!" Uzio mzima ukaitikia.

Jioni mama mdogo aliniletea maji ya kunawa. Hakuwa amekuja uani mchana kutwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, eti imekubali?"

Nikamjibu, "Imekubali, mama."

Tunduma na Songwe si mahali pa kushangaa fundi anayetaka kuruka. Adam Kinyekile, fundi wa palepale Tunduma, alijulikana nchi nzima kwa helikopta aliyokuwa akiiunda kwenye karakana yake. Kenya yuko Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, ambaye amejiundia ndege moja baada ya nyingine, na majaribio yake mengi yameishia ardhini. Habari kama hizi zikitoka, wasomaji hugawanyika kwaya mbili. Ya kwanza inaimba kwamba serikali impe mtu huyu pesa, huyu ni shujaa, Wazungu walianza hivihivi. Ya pili inaimba kwamba atajiua, akamatwe mapema. Nimeshaimba katika kwaya zote mbili. Kwaya hizo zinabishana kuhusu mtu. Kuhusu injini hakuna anayeuliza: imewashwa saa ngapi, kwenye baridi gani, ikiwa na mzigo gani, na nani aliandika.

Kwaya ya kwanza ina hoja yake. Injini ya ndege ya Wright, iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, ilitengenezwa na Charlie Taylor, fundi wa duka lao la baiskeli, na hakuwa amesomea uhandisi popote. Lakini ndugu wale hawakuwa watu wa kupiga kelele "imekubali". Walijenga sanduku la upepo wakapima maumbo ya mabawa moja baada ya jingine, kwa sababu vipimo walivyorithi kwa wengine havikulingana na walichokiona. Na walimwahidi baba yao kwamba hawatapanda ndege moja pamoja, ili mmoja akianguka mwingine abaki. Walipanda pamoja mara moja tu, Mei 1910, kwa ruhusa yake.

Hata wao lakini. Septemba 1908, Orville alipanda na abiria, Luteni Thomas Selfridge, wakati akiionyesha ndege kwa jeshi la Marekani. Pangaboi lilipasuka, likakata waya wa usukani wa nyuma, ndege ikaanguka. Selfridge alikufa, mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Alipanda kwa hiari yake, tena kwa hamu. Ila hiari yake ilisimama juu ya pangaboi ambalo hakuwa na namna ya kulijua.

Baba mdogo ana jibu lake, na analitoa bila hasira: "Maisha ni yangu. Nikianguka, ninaanguka peke yangu." Nimelifikiria sana jibu hilo kwa sababu natamani liwe kweli. Mtu mzima asiyeruhusiwa kuhatarisha chochote hajaachiwa mengi ya kwake. Lakini fremu iliyo chini ya turubai ina viti viwili. Chini ya njia yake ya kuruka kuna mashamba ya mahindi na watu wanapalilia. Na ana watoto watatu shuleni. Hakuna mtu Ileje anayeanguka peke yake. Hata matanga yake yatalazwa uani kwa watu wengine.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na moja na nusu. Ileje asubuhi ni baridi, mvuke unatoka mdomoni. Nilitaka kurekodi video moja nzuri kabla ya kurudi mjini. Tukawasha injini, tukaiacha ipate moto, nikapandisha. Iliimba kama jana. Baba mdogo aliinua kidole gumba. Mimi nilikuwa naangalia geji ya mchanganyiko, na sindano ilikuwa imehama kuelekea upande wa ukavu. Si sana. Nikapandisha kidogo tena, ikazidi kuhama. Nikazima.

"Vipi tena? Mbona inaimba?"

"Inaimba, baba. Lakini inakosa petroli."

Ilituchukua nusu ya asubuhi kupata sababu. Kompyuta inapima joto la hewa inayoingia ili ijue uzito wake. Hewa ya nyuzi 10 ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 27 kwa takriban asilimia 6, na hewa nzito inadai petroli zaidi. Lakini sensa ya joto niliifunga mimi mwenyewe kwenye chuma cha bomba la kuingizia hewa, karibu na mwili wa injini. Injini ikishapata moto, chuma kile kinakuwa na joto lilelile, iwe alasiri au alfajiri, na sensa ilikuwa inapima chuma. Jedwali langu zuri la jana lilikuwa la kweli kwa saa tisa alasiri ya jana. Kama baba mdogo angeruka alfajiri, akapanda kwa nguvu zote, ingeendelea kuimba mpaka sili ivunjike.

Sensa haikuwa mbovu. Ilisema ukweli wote wa mahali ilipofungwa. Niliifungua, nikaihamishia kwenye mdomo wa bomba, mbali na chuma, inakopita hewa yenyewe. Nikiwa nimeshika spana nilijiuliza mimi nimefungwa wapi. Ada yangu ya chuo alilipa baba mdogo, mwaka hadi mwaka, kwa pesa za mageti. Kila nilichokisoma kwenye geji jana kilipita kwanza kwenye joto hilo. Nilitaka afurahi. Alipopiga kelele "imekubali" sikuwa na haraka ya kutafuta sababu ya kumkatalia.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Anayejiundia ndege ni kinyozi anayejinyoa, na ndiyo maana anahitaji mtu pembeni mwenye macho. Baba mdogo aliniita mimi niwe macho hayo. Lakini mpwa aliyelipiwa ada, mke mwenye wasiwasi, jirani anayetaka kuona maajabu, wote tumefungwa kwenye chuma cha moto. Hatufai kuaminiwa kwa maneno yetu matupu, hata tukiwa waaminifu.

Nilichokikuta chenye msaada si hekima ya mtu bali sheria kavu. Marekani, mtu akijiundia ndege na kuifunga injini isiyo na cheti cha ndege, kwa kawaida huwekewa saa 40 za majaribio katika eneo maalumu, bila abiria. Haijalishi ni mjuzi kiasi gani, wala injini inaimba namna gani. Ndani ya ndege lazima kuwe na maandishi yanayomweleza abiria kwamba chombo hiki hakikupitia viwango vya usalama vya ndege za kawaida. Zamani nilidhani ni urasimu. Sasa ninaona kwamba waliotunga sheria hiyo walimjua fundi vizuri: mwenye furaha haulizwi kama anajua, anaambiwa ahesabu saa. Hapa kwetu kibali cha kuruka kitatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga au hakitatoka, na fremu ya baba mdogo bado haina hata mabawa. Lakini saa za kuhesabu hazisubiri kibali. Zinaweza kuanza juu ya toroli.

Kabla ya hapo nilikuwa na kazi moja ngumu kuliko sensa. Nilimkuta mama mdogo jikoni akipepeta maharage. Nilikaa kwenye kigoda.

"Mama, jana nilikwambia imekubali. Nimekosea. Asubuhi hii tumeikuta na tatizo, tena lilikuwepo jana na sikuliona."

Aliendelea kupepeta. "Jana ulikuwa unajua, au ulikuwa unafurahi?"

"Nilikuwa nafurahi."

"Na leo?"

"Leo najua kwamba tatizo lile limekwisha. Kama kuna jingine, sijui."

Nilitegemea aseme basi, hiyo mashine iondoke uani kwangu. Ana haki hiyo kuliko mtu yeyote, na kama angesema ningekuwa upande wake. Aliuliza kitu kingine: nitajuaje kama kuna jingine? Nikamweleza habari za saa 40. Nikamwambia ziende kwa nguvu za ndege, asilimia 75, si za gari. Nyingine ziwe alfajiri, nyingine mchana wa jua. Kila saa kumi tufungue plagi tuangalie rangi yake na tupime mgandamizo wa kila upande wa kila rota. Na mtu aandike, hata siku isiyo na habari. Hasa siku hiyo.

"Nani ataandika?"

"Baba."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akatoka na daftari la mtoto lenye kurasa chache zilizotumika kwa hesabu za darasa la nne. Akazichana kurasa hizo, akazikunja vizuri na kuziweka juu ya kabati. Kisha akanitaka nimchoree mistari: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, baridi au joto, geji inasema nini.

Baba mdogo hakupenda. Alisema mke wake hajui injini. Nilimjibu kwamba kazi yenyewe haihitaji kujua injini, inahitaji mtu asiye na haraka. Alikaa kimya siku nzima. Kesho yake alfajiri nilisikia akimwita, bila jina, kwa ukali wa kujifanya: "Haya, njoo na daftari lako, nawasha."

Nilirudi mjini. Kila Jumapili mama mdogo hunitumia picha ya ukurasa. Ya juzi inaonyesha saa 11 na dakika 20. Kwenye mstari wa Alhamisi, chini ya safu ya geji, ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba sindano ilitikisika mara mbili na mzee akasema si kitu. Nimempigia baba mdogo kumwambia asiwashe tena mpaka nifike.

Akaniuliza kama nakuja kwa sababu ya injini au kwa sababu ya mama yako. Nikamwambia nakuja kwa sababu ya Alhamisi.